Mzazi, fundi umeme aonyeshe leseni kabla hajapanda darini

Kuna siku moja tu ambayo nyaya za nyumba huwa na karatasi zote: siku ya kuomba umeme Tanesco. Fundi mwenye leseni amechora mchoro, amejaza fomu na kugonga muhuri wake, mkaguzi amepita, mita ya Luku imefungwa. Taa inawaka, watoto wanapiga makofi.

Baada ya siku hiyo nyumba huanza kukua. Chumba cha uani kinaongezwa kwa ajili ya mpangaji. Banda la kuku linahitaji taa ya kuwapasha joto vifaranga. Binti wa kidato cha nne anataka soketi karibu na meza yake. Baba ananunua pampu ya kisima.

Kwa kazi hizo hakuna anayekumbuka fomu wala mkaguzi. Anaitwa kijana wa mtaani "anayejua umeme", analipwa hela ya soda na nauli ya bodaboda, na jioni kila kitu kinawaka. Watanzania wamempa jina zamani: kishoka.

Kwa familia nyingi za Tabora hatari haiko kwenye kazi ile ya kwanza yenye muhuri. Iko kwenye hizi ndogo ndogo zilizofuata, ambazo hakuna anayejua zilifanywa na nani, lini, wala waya upi umeungwa wapi.

Mji wenye nyaya za babu

Tabora ni mji uliokuzwa na njia. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa kati ya Bagamoyo na Ujiji, mwendo wa takriban kilomita 1,200, ilikuwa ikipumzika Unyanyembe, na pale Kwihara bado lipo tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Reli ya Kati ikafuata karibu njia hiyo hiyo na kufika Tabora mwaka 1912.

Umeme nao ulipita humo humo. Kampuni ya Daresco, iliyoanzishwa mwaka 1931, ilikuwa na mitambo Dar es Salaam, Dodoma, Tabora na Kigoma wakati sehemu kubwa ya nchi ikitumia koroboi na kandili.

Ni sifa kwa mji, lakini ina maana yake kwa anayeishi humo leo. Katika mitaa ya zamani zipo nyumba za urithi ambazo nyaya zake ziliwekwa babu akiwa kijana, zikaongezwa na baba, kisha zikaongezwa tena na wapangaji watatu kwa nyakati tofauti. Ukuta wa udongo uliopigwa lipu juu hauonyeshi chochote.

Chukua suala la rangi peke yake. Katika utaratibu wa zamani, waya mwekundu ulikuwa fezi, yaani wenye umeme; mweusi ulikuwa nyutro; wa kijani ulikuwa ethi, ule wa kupeleka umeme unaovuja ardhini. Katika utaratibu mpya fezi ni kahawia, nyutro ni bluu, na ethi ni kijani chenye mstari wa njano.

Ugumu unakuja hapa: kwenye nyumba au jengo la zamani lenye umeme wa njia tatu, waya wa bluu ulikuwa mmojawapo wa fezi. Kwenye nyaya mpya za njia tatu, mweusi nao ni fezi. Kijana aliyejifunza kwa kuangalia wenzake, anayeamini kwamba "bluu haina shida" au "nyeusi ni nyutro siku zote", anaweza kuunga kinyume bila hata kujua kwamba amekosea. Taa itawaka kama kawaida, kwa hiyo hakuna atakayeuliza.

Matokeo yake yanaweza kukaa miaka. Pale fezi na nyutro zinapobadilishana nafasi, swichi ya ukutani hukata nyutro badala ya fezi. Balbu inazimika, lakini kishikio chake bado kina umeme kamili. Mama anazima swichi, anapanda kiti, anagusa chuma cha kishikio akibadilisha balbu, na anapigwa shoti akiwa na uhakika kwamba alizima.

"Mama, breka ipo"

Ukimuuliza kishoka kuhusu usalama, jibu lake karibu siku zote ni hili: "Mama, breka ipo, kukitokea shida inajikata yenyewe." Wazazi wengi wanatulia hapo. Wasitulie.

Breka ya kawaida haikuwekwa kumlinda mtu. Imewekwa kulinda waya usipate moto kupita kiasi. Breka ya njia ya soketi mara nyingi ni ya ampea 20 au 32, na itakata pale tu umeme mwingi kuliko huo unapopita.

Mwili wa binadamu unahitaji kidogo sana kuliko hapo. Umeme wa kiasi cha ampea 0.03 ukipita kifuani unaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi usimame. Kwa umeme wetu wa volti 230, hicho ni kiasi kinachotumiwa na balbu ya LED ya wati 7. Mtoto anaweza kuwa ameng'ang'ania chuma chenye umeme, na kwa breka ile ya ampea 32 ni kama vile mtu amewasha taa ya choo. Haina sababu ya kukata.

Kinachomlinda mtu ni vitu viwili ambavyo kishoka huviruka kwa sababu havionekani na taa huwaka bila yavyo.

Cha kwanza ni ethi. Friji, pasi, jiko, pampu na kila kifaa chenye mwili wa chuma hutakiwa kuunganishwa na waya wa ethi hadi kwenye fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini. Siku waya wa ndani unapochubuka na kugusa mwili wa friji, umeme hukimbilia ardhini na breka inaweza kukata. Bila ethi, friji inaendelea kuganda barafu kama kawaida huku mwili wake ukiwa na volti 230, ikisubiri mtoto aliyetoka kuoga, miguu mitupu, aje kufungua mlango atafute maji baridi.

Cha pili ni breka ya kuvuja umeme. Hii ni tofauti na breka nyingine: inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na ikiona tofauti ya ampea 0.03 inakata kabla hata mtu hajamaliza kupiga kelele. Ina kitufe kidogo kilichoandikwa herufi T au neno "Test". Mzazi anaweza kukibonyeza mwenyewe: umeme ukikatika, breka inafanya kazi, usipokatika, imekufa na inatakiwa kubadilishwa. Kubonyeza kila baada ya miezi michache kunatosha.

Katika nyumba nyingi za kupanga kitufe hicho hakipo kabisa. Na zipo nyumba ambamo kifaa kipo lakini kishoka alikiruka kwa kuunga waya pembeni, kwa sababu "kilikuwa kinasumbua, kinakata kata". Breka inayokata kata mara nyingi inakuwa imeona kitu. Kuiruka ni sawa na kumziba mdomo mbwa wa ulinzi kwa kuwa anabweka usiku.

Pale Sh27,000 zinapoishia

Wanaoita vishoka si wajinga wala wabahili. Wengi wamebanwa na hesabu.

Vijijini, kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), familia huunganishwa kwa Sh27,000. Mjini ni zaidi: tangu Januari 2022 mteja wa njia moja aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo alitakiwa kulipa Sh320,960. Bei zote mbili huishia kwenye mita. Nyaya za ndani, soketi, breka, ethi na ujira wa fundi ni juu ya mwenye nyumba.

Kwa familia ya Sikonge au Urambo iliyosikia kwamba "umeme ni elfu ishirini na saba", hesabu ya ndani huja kama pigo. Fundi hutoza kwa pointi, yaani kila taa na kila soketi ina bei yake, na vifaa juu. Msimu wa kuuza tumbaku bado, ada ya shule inadaiwa. Ndipo anapotokea mtu anayesema nusu bei, kesho asubuhi, na waya anao mwenyewe.

Nusu ile iliyopungua inatoka mahali. Inatoka kwenye waya mwembamba wa taa uliotumika kwenye soketi: kwa kawaida njia ya taa hutumia waya wa milimita 1.5 za mraba na ya soketi 2.5. Inatoka kwenye waya wa ethi ulioachwa kabisa, kwenye mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya ambayo hayakununuliwa, kwenye viungio vilivyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu juu ya kenchi, ambako joto la bati la Oktoba litaikausha ile tepu hadi idondoke na panya wamalizie kazi.

Kwa familia yenye chumba kimoja au viwili ipo njia halali na nafuu ambayo wengi hawaiulizii. Tanesco wana kifaa kinachoitwa Umeta, kifupi cha Umeme Tayari: kibao kilichokamilika chenye breka na soketi, kinachofungwa bila kuhitaji kutandaza nyaya nyumba nzima. Si cha kuendeshea jiko kubwa, lakini ni bora mara kumi kuliko waya uliovutwa dirishani kutoka kwa jirani.

Waya kwenye mwembe

Huo waya wa dirishani unastahili aya zake.

Njia ya misafara iliacha miembe, na miembe ya Tabora ni mirefu na ya zamani. Ni nguzo za bure kwa anayetaka kuvuta umeme kutoka nyumba kubwa hadi banda la uani, au kutoka kwa jirani mwenye mita hadi kwa asiye nayo. Waya unafungwa kwenye tawi, unapita juu ya uzio, unaingia chini ya bati.

Upepo unatikisa tawi, gome linasugua waya, jua linapasua plastiki yake. Kisha mvua za Novemba zinaanza, wakati huo huo ambao maembe yanaiva na kila mtoto wa mtaa yuko juu ya mti, gome likiwa limelowa. Hakuna haja ya kueleza zaidi.

Bati ni habari nyingine. Waya uliochubuka ukigusa ukingo wa bati, paa zima linakuwa na umeme, na pamoja nalo chochote cha chuma kilichofungwa kwenye paa hilo. Katika nyumba nyingi kilichofungwa hapo ni waya wa kuanikia nguo. Mama au dada wa kazi anafika na beseni la nguo mbichi, amesimama kwenye udongo uliolowa maji ya kufulia. Kamba ya nguo iwe ya nailoni au katani. Gharama yake ni ndogo, na haihitaji fundi.

Waya wa Tanesco wenyewe ukianguka barabarani au kwenye mti baada ya upepo, watoto waondolewe mbali, asitokee mtu wa kuusogeza kwa mti, na ipigwe simu 180 ya huduma kwa wateja wa Tanesco.

Leseni inasomwaje

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka kazi ya kufunga mifumo ya umeme ifanywe na mtu mwenye leseni. Anayetoa leseni hiyo ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (Ewura), ambayo ina ofisi ya Kanda ya Magharibi hapo hapo Tabora mjini. Kuongeza chumba cha uani ni kufunga umeme vilevile. Sheria haikuandikwa kwa ajili ya siku ya mita peke yake.

Leseni zina madaraja yenye herufi, kila daraja na mpaka wake wa kazi. Mwenye daraja la chini anaweza kufunga nyumba ya kawaida ya njia moja lakini asiguse mashine ya kusaga ya njia tatu. Kwa hiyo swali si "una leseni?" tu. Ni "naomba niione", kisha kutazama jina, daraja na tarehe ya kuisha, na kulinganisha jina hilo na kitambulisho cha aliyesimama mlangoni. Ewura huweka orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake, na ofisi ya Tanesco nayo inaweza kumsaidia mteja kuwapata walio karibu.

Wapo wanaoona aibu kumuuliza fundi, hasa akiwa shemeji wa jirani au kijana aliyekulia mtaani. Hakuna haja ya ukali. "Baba, kabla hujaanza naomba picha ya leseni yako, mzee wa nyumba ameitaka aiweke kwenye faili." Aliye nayo ataitoa kwenye simu kwa sekunde kumi. Asiye nayo ataanza hadithi: iko nyumbani, inashughulikiwa, bosi wake anayo.

Hiyo ya bosi ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Wapo wenye leseni wanaogonga muhuri kwenye kazi wasiyoifanya wala kuiona, kwa malipo. Kishoka anafanya kazi yote, kisha anakimbia na fomu kwa mwenye muhuri. Karatasi inapendeza, nyaya ni zile zile. Mzazi anayeweza kuwepo siku ya kazi, au kumwacha mtu mzima nyumbani, ahakikishe aliyetajwa kwenye leseni amefika mwenyewe na kupima.

Kupima ndiko kunakomtofautisha. Fundi wa kweli hamalizi kazi kwa kuwasha taa. Anatoa kifaa cha kupima kama nyaya zinavujisha, kinachoitwa megga, anapima ethi kwa kifaa chake, anakagua kila soketi kama fezi na nyutro ziko upande wake, na anaandika namba alizopata. Karatasi ile ya vipimo, pamoja na mchoro wa nyaya, ibaki kwenye nyumba. Fundi mwingine akija baada ya miaka kumi hatatoboa ukuta kwa kubahatisha.

Vifaa navyo viwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS), na risiti iwe na jina la duka. Ipo nyaya inayong'aa rangi ya shaba nje huku ndani ni aluminiamu. Ukiikwaruza kwa kisu, weupe unatokea.

Kwa mpangaji

Familia nyingi mjini hazijengi, zinapanga. Mpangaji hawezi kubomoa ukuta wa mwenye nyumba, lakini anaweza kuuliza mambo kabla ya kulipa kodi ya miezi sita.

Atazame kwenye meini swichi kama kuna ile breka yenye kitufe cha kujaribu, na aombe kubonyeza. Aguse ukuta kuzunguka soketi wakati vifaa vinatumika. Ukiwa na joto, si dalili njema. Atafute waya mnene wa kijani unaoshuka nje ya nyumba kuingia ardhini. Madukani kipo pia kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya matundu matatu, chenye taa zinazoonyesha kama ethi ipo na kama nyaya zimebadilishana. Mtu akikinunua anaweza kuwaazima majirani wote.

Na kuna tabia moja ya ndani inayowafundisha watoto vibaya kila siku. Soketi zetu za matundu matatu zina vizibo vya ndani vinavyofunguka pale tu mguu mrefu wa plagi, ule wa ethi, unapoingia. Viliwekwa ili mtoto asiweze kuingiza kitu. Watu wazima wenye chaja za miguu miwili huchukua kalamu au kijiti, hutumbukiza kwenye tundu la juu, na kuchomeka chaja. Mtoto wa miaka mitatu anatazama. Siku yake ya kujaribu hatachagua kalamu ya plastiki, atachukua msumari au uma. Chaja ibadilishwe kichwa, au inunuliwe adapta.

Jikoni kumebadilika

Nyaya za zamani ziliwekwa kwa ajili ya taa nne, redio na pasi ya Jumapili. Sasa kuna kampeni ya nishati safi ya kupikia, yenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na majiko ya umeme ya presha yameanza kuingia kwenye nyumba za kawaida. Ni jambo jema kwa mapafu ya akina mama na kwa misitu ya miombo inayoliwa na mkaa. Lakini nani aliuliza kama ukuta umejiandaa?

Birika la umeme la wati 2,000, jiko la presha la wati 1,000 na pasi ya wati 1,200 vikichomekwa kwenye ekstensheni moja asubuhi ya shule, jumla ni wati 4,200. Ukigawa kwa volti 230 unapata zaidi ya ampea 18. Ekstensheni nyingi zimetengenezwa kubeba ampea 13. Plagi inaanza kubadilika rangi, harufu ya plastiki inasikika, na mtu anasema "ni ya Kichina hii". Wakati mwingine si Wachina.

Familia inayotaka kuhamia kwenye jiko la umeme iombe njia yake ya jikoni, yenye waya na breka yake kutoka kwenye meini. Kazi hiyo si ya kijana wa soda.

Kijana naye asitupwe

Kuna upande mwingine wa habari hii. Baadhi ya wanaoitwa vishoka wana mikono mizuri kuliko wenye karatasi. Wamefanya kazi miaka kumi chini ya fundi mkubwa, wanaijua nyumba ya Kitanzania kuliko kitabu chochote. Leseni haiwaongezei ujuzi kwa siku moja. Inawafanya wajulikane: jina lao linaandikwa, kazi mbaya inaweza kurudi kwao, na anayelalamika ana pa kwenda.

Njia ipo. Veta ina chuo Tabora kinachofundisha umeme wa majumbani, na ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mtaani bila kuwarudisha darasani kwa miaka. Cheti hicho ni hatua ya kuelekea kwenye maombi ya leseni Ewura. Mama mwenye kijana wa namna hiyo nyumbani amsukume huko, badala ya kumsifia kwamba "umeme anaucheza tu".

Mtoto akipigwa shoti

Wa kwanza kufika asimguse. Akimbilie meini swichi na kuizima. Ikiwa mbali, atumie kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama mpini wa ufagio au kiti cha plastiki, kumtenganisha na waya, akiwa amesimama mahali pakavu na amevaa viatu.

Kama mtoto hapumui, mgandamizo wa kifua uanze hapo hapo, katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine akitafuta usafiri. Asimwagiwe maji, asinyweshwe maziwa. Hata akizinduka na kucheka apelekwe hospitali, kwa kuwa kidonda kidogo cha kidoleni kinaweza kuwa mlango wa kuungua kwa ndani, na moyo unaweza kuvurugika baadaye. Moto ukiwaka, namba ya Zimamoto ni 114, na moto wa umeme hauzimwi kwa maji kabla ya kukata meini.

Kwa nyumba ambazo tayari zina ethi, kuna jambo la wakati ambalo mafundi wa ukanda huu wanapaswa kulizingatia. Udongo wa Unyamwezi ni wa kichanga kwa sehemu kubwa, na kiangazi chake ni kirefu, Mei hadi Oktoba. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya ethi iliyopigiliwa kwa kina kifupi, au iliyokatwa nusu ili isichoshe mkono, inaweza kutoa kipimo cha kupendeza Februari mvua zikinyesha, kisha Septemba isifanye kazi kabisa.

Kwa hiyo fundi mwenye leseni akiitwa kupima ethi, aitwe mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua ya kwanza haijalowesha uwanja. Kama namba ni nzuri mwezi huo, itakuwa nzuri mwaka mzima. Kama ni mbaya, ataongeza fimbo ya pili mbali kidogo na ya kwanza, au ataipiga ndani zaidi, na ataandika namba mpya kwenye ile karatasi ya vipimo.